Nyuzi Tisini na Sita

Nimekagua mashine za nchi hii kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo adui yangu amekuwa kitambaa cha kufuma. Mpe Mtanzania kitu chochote chenye waya, la kwanza atakalofanya ni kukifunika. Redio ataivika, runinga ataivika, hata friji lisilo na kitu ndani litapata kitambaa chake chenye maua pembeni. Ukimpa kompyuta mpakato ya serikali, yenye matundu ya kupumulia chini, juu na nyuma, ataikaba roho kwa uzi wa pamba kisha atapiga simu kulalamika kwamba inaungua.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mashine ya zahanati ya Idunda, juu kabisa huko Makete, inasoma nyuzi tisini na sita kwa siku ya kumi na moja mfululizo, sikuumiza kichwa. Nilipakia bisibisi, brashi na tyubu ya grisi ya chipu, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikaondoka nikiwa nimeshaiandika ripoti akilini. Sababu: kitambaa. Hatua: kimeondolewa. Jina: Hidaya Shemdoe, Mkaguzi wa Mamlaka ya Joto, daraja la pili.

Kikomo ni nyuzi sabini. Mashine yoyote ya umma ikikipita kwa siku kumi na mbili, makao makuu wanaizima kwa mbali, na ikishazimwa hivyo haiwaki tena mpaka kidole cha mkaguzi kiiguse. Idunda ilikuwa na mpaka saa sita mchana wa siku iliyofuata.

Kikomo hicho kiliwekwa na watu wa pwani wenye mashati yaliyolowa jasho, ambao kwao joto ni adui wa taifa. Walianza na majiko ya kuni tangu mama yangu akiwa msichana. Wakafuata mkaa, pasi, hita na majiko ya umeme ya nyumbani. Sasa kila kijiji kina jiko moja la pamoja, linafunguliwa mara mbili kwa siku, na mashine peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuwa na moto ndani, kwa sababu inaifanyia Mamlaka hesabu za hali ya hewa. Sheria ni ile ile Korogwe nilikozaliwa, ambako mtu analala uchi barazani, na ile ile Makete, ambako asubuhi hiyo nilikanyaga majani yaliyoganda yakavunjika chini ya viatu vyangu.

Pikipiki ya umeme ilinifikisha mtoni ikakoma, maana daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Nikavuka juu ya magogo, nikapanda kilima kwa miguu. Ilikuwa saa tatu na nusu nilipofika, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumi na mbili.

*

"Kamwene," nesi alinisalimu kwa lugha ya huko, amesimama katikati ya mlango.

"Kamwene. Mashine iko wapi?"

"Karibu kwanza upate chai, dada. Umetoka mbali. Mimi ni Vitalina Mbilinyi, nesi wa hapa. Niko peke yangu."

"Sikuja kunywa chai, nesi. Nimebakiza saa mbili na nusu."

Hakusogea. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa koti juu ya sweta juu ya sare, na alinitazama jinsi watu wanavyomtazama askari wa ushuru. Mimi nimezoea. Nilimpita ubavuni nikaingia chumba cha ndani.

Kitandani alilala msichana aliyefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, anatetemeka kwa homa. Pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja amejifunga shuka zito kifuani. Ukutani palikuwa na benchi, na juu ya benchi nikaona nilichokitarajia, ila kilizidi matarajio. Kompyuta mpakato ilikuwa imelazwa juu ya blanketi la sufu lililokunjwa mara nne, na juu yake vitambaa vya kufuma vitano, kimoja juu ya kingine: cheupe, cha pinki, cha kijani, kingine cheupe, na cha juu kabisa kina jina la Yesu katikati. Matundu ya nyuma yalikuwa yameelekezwa kwenye tundu la sanduku la mbao, lile la kuhifadhia mbegu za viazi.

Nilicheka. Sioni haya kusema, nilicheka kwa sauti.

"Vitano!" nilisema. "Wengine huweka kimoja. Nyinyi mmeona kimoja hakitoshi kuiua, mkaongeza vinne." Nikaanza kuvivuta, kimoja kimoja, navitupa sakafuni. "Hii ni mashine, nesi, siyo bibi harusi. Inapumua. Hapa chini inavuta hewa, umeiwekea blanketi. Hapa juu inavuta hewa, umeiwekea Yesu. Mnapewa vitu vya maana, mnavifanya mapambo, kisha mnashangaa..."

Sanduku likalia.

Ilikuwa sauti ndogo, kama bawaba ya kabati. Nikabaki nimeshika kitambaa cha mwisho mkononi. Nesi akanipita, akainua kifuniko, akaingiza kipima joto chini ya kwapa la kiumbe ambacho ningekibeba kwa kiganja kimoja.

"Thelathini na nne nukta tisa," alisema, hanitazami. "Jana jioni alikuwa thelathini na tano na nusu. Kilo moja na gramu mia nne, Bi Mkaguzi. Ana siku kumi na mbili. Ukiizima mashine, atakufa. Sasa endelea kucheka."

*

Walinieleza, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilisikiliza bila kutazama saa. Mama wa mtoto, huyo Oliva aliyelala, alikuwa na homa ya mapafu, hawezi kumbeba kifuani. Bibi Sigrida, mama yake Oliva, alimbeba ngozi kwa ngozi mpaka yeye mwenyewe akaanza kukohoa, na sasa alimbeba kwa vipindi. Chupa za maji ya moto zilipatikana mara mbili kwa siku, jiko la pamoja likifunguliwa. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto, na nilikuwa nimeshauona mto.

Ndipo nesi akakumbuka kwamba kitu pekee chenye moto halali hapo kijijini ni mashine ya hesabu.

"Nionyeshe ulivyofanya," nilisema.

Alinionyesha kwa kiburi kidogo, na alistahili. Mashine zote za umma zinaendeshwa na programu ya Linux, nayo haimfichi kitu mtu mwenye subira. Alikuwa amesoma mwongozo wote kwenye mashine yenyewe. Alimbadilisha gavana, yaani kile kijiprogramu kinachoiambia chipu iende kasi au ijihurumie, akamtoa kwenye ubahili akamweka kwenye kasi ya juu. Kisha akaiongezea kazi isiyo na maana yoyote: amri moja ya kale iitwayo yes, ambayo inaandika herufi moja tu, tena na tena, mpaka mtu aikatishe. Aliwasha nane, moja kwa kila kiini cha chipu, na maandishi yote aliyamwaga kwenye null, shimo la Linux lisilojaa kamwe. Mashine ya serikali, iliyonunuliwa kukokotoa mustakabali wa mvua, ilikuwa inaandika y, y, y na kuitupa, ili mtoto apate joto. Sijaona hesabu ya kipumbavu zaidi, na sijaona iliyotumika vizuri zaidi.

"Siku za kwanza sanduku lilikuwa na nyuzi thelathini na tatu," alisema. "Mtoto akawa na rangi. Kisha likaanza kupoa. Thelathini na moja, thelathini, leo ishirini na nane. Kila likipoa naifunika kitambaa kimoja zaidi. Na mashine inazidi kuungua, wewe mwenyewe umeona, tisini na sita! Sasa moto unakwenda wapi, kama hauingii kwa mtoto?"

Niliangalia skrini. Tisini na sita, sawa. Nikaandika amri nyingine, ambayo kwa miaka tisa sikuwahi kuhitaji kuiandika kwa sababu fomu yangu haina nafasi yake. Chipu ile ina uwezo wa gigahezi tatu na nusu. Ilikuwa inakwenda sifuri nukta nane. Umeme iliokuwa inakula: wati tisa.

Wati tisa ni balbu ya chooni.

"Nesi," nilisema, "umewahi kumuona mtu mwenye nyuzi arobaini akilima?"

"Mwenye homa ya arobaini? Hata kukaa hawezi."

"Basi mashine yako ina homa. Gavana wako anaomba kasi, lakini chipu ikifika tisini na sita haimsikilizi gavana, wala wewe, wala mimi. Inajipunguza yenyewe isife. Nyuzi hizi zinasema jinsi chipu inavyojisikia. Moto inaoutoa ni wati, na wati zimebaki tisa. Kila kitambaa ulichoongeza kilimpokonya mtoto joto."

Aliketi kwenye ukingo wa benchi. Nilikuwa nimesema bila kupunguza makali, maana ndivyo nilivyo, na niliona maneno yalivyomwingia.

"Nimempoza mimi," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Ndiyo. Sasa inuka. Ili mtoto apate moto, lazima chipu ipoe. Naizima dakika ishirini, naifungua. Nani anambeba?"

Bibi Sigrida alikuwa ameshafungua shuka lake. "Mlete," alisema. "Na wewe binti wa pwani, ukimaliza kutusema, tumia mikono."

*

Niliifungua. Feni ilikuwa imevishwa sufu kama kondoo. Huku kila mwanamke anafuma sweta, nyuzi zinaruka hewani, feni inazivuta na kuzishika. Grisi kati ya chipu na bomba la shaba ilikuwa imekauka ikawa ukoko wa sufuria. Nikakwangua, nikasafisha kwa spiriti ya nesi, nikapaka mpya, nikaikaza feni, nikailazimisha izunguke kwa nguvu zake zote. Nyuma yangu bibi alikuwa anakohoa huku amejizuia, asimtikise mtoto. Nesi alihesabu dakika kwa sauti bila kuombwa.

Niliirudisha kwenye benchi ikiwa wazi kila upande, juu ya vipande viwili vya mbao, mgongo wake kwenye tundu la sanduku. Yes nane. Gavana juu.

Gigahezi tatu nukta mbili. Wati arobaini na moja. Na ile namba inayotazamwa na Mamlaka, ile ambayo kwa ajili yake nimewazimia watu mashine nchi nzima, ikashuka: themanini, sabini na tano, sabini, sitini na saba. Ikatulia hapo.

Saa tano na nusu sanduku lilisoma thelathini na tatu. Mtoto akarudishwa ndani. Saa sita kasoro dakika kumi kipima joto cha kwapani kilisoma thelathini na tano na nusu, na simu yangu ikaita.

Alikuwa Bwana Nkwera, Mkuu wa Kitengo cha Vipimo, mtu mwenye shahada tatu ambaye sijawahi kumuona ameshika bisibisi.

"Hidaya! Naiona Idunda hapa. Sitini na saba! Umelipunguza joto kwa nyuzi ishirini na tisa. Kazi safi sana."

Nililizidisha zaidi ya mara nne, naye ananipongeza. Nilitaka kumcheka kama nilivyovicheka vile vitambaa asubuhi. Halafu nikakumbuka kwamba namba anayoitazama Nkwera ndiyo ninayoitazama mimi. Kwa miaka tisa nimezima mashine zilizojaa vumbi, ambazo hazitoi moto wa kuchemshia yai, nikaziacha zile safi za maofisini zikiunguza wati mia mbili kila moja. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwadharau watu wa vitambaa.

"Mkuu," nilisema, "hivi tungepima wati badala ya nyuzi?"

Nilimsikia akivuta kiti.

"Wati? Lo, wati ingekuwa kipimo cha kweli kweli. Tungekamata nusu ya nyanda za juu kesho asubuhi! Nasikia huko watu wanazitumia mashine kujipashia joto, ila hatuna ushahidi. Una ushahidi, Hidaya? Maana hilo si jambo dogo. Hilo ni la kupandishia mtu daraja."

Ushahidi ulikuwa mbele yangu, unapepesa: arobaini na moja. "Nitakutumia ripoti, mkuu," nilisema, nikakata.

Nesi alikuwa amesikia. Aliinama akaanza kuokota vitambaa. Msichana kitandani ndiye aliyesema.

"Ni wewe," alisema Oliva. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini macho hayakuwa na homa. "Ni wewe uliyezima ya kwetu. Luvulunge."

Luvulunge niliikumbuka. Kilima cha pili kutoka hapo, wiki tano zilizopita. Nyuzi themanini na moja. Nesi wa kule alinifuata mpaka nje, anataka kunieleza jambo. Sikuifungua mashine. Gari lilikuwa linaningoja, na mvua ilikuwa inakuja. Niliandika "uzembe wa mtumiaji" na kuizima kwa kidole changu.

"Nesi wa Luvulunge ndiye aliyenifundisha hili sanduku," Vitalina alisema taratibu, anavikunja vile vitambaa vya sakafuni. "Yeye aliokoa wawili mwaka jana. Oliva alijifungulia kwake. Nesi huyo alikuwa hana mashine tena."

"Walikuwa wawili," alisema Bibi Sigrida. "Pacha. Wa kwanza alipoa mchana ule ule aliozaliwa. Huyu tukambeba mpaka hapa."

*

Fomu ya Mamlaka ina vipengele kumi na vinne. Nilikaa nayo kwenye benchi, karibu na sanduku, kwa saa nzima.

Nikiandika ukweli, kwamba nyuzi siyo moto, kwamba Mamlaka imekuwa ikipima homa na kuiita moto, nitakuwa nimesema jambo la haki kuliko yote niliyowahi kuandika. Na Nkwera ataanza kupima wati, na sanduku hili litakuwa la kwanza kuzimwa. Nikinyamaza, sanduku hili litaishi, na mashine zenye vumbi zitaendelea kuzimwa, na kila moja ina nesi wake na kina Oliva wake. Nikiwa mkweli nitaua, na nikiwa mwongo nitaua pia, polepole zaidi.

Nilimtafuta mtu wa kumdharau ili nipate nguvu. Nilipomfikiria Nkwera, nikapata njia.

Watu wa makao makuu wanaamini jambo moja kuliko hesabu zao zote: kwamba mwananchi ni mjinga. Nilikuwa naliamini hata mimi asubuhi ile. Kwenye kipengele cha sababu nikaandika: *Vitambaa vya kufuma vitano. Mtumishi hana uelewa wa mashine. Jambo hili ni sugu nyanda zote za juu.* Kwenye mapendekezo nikaandika: *Elimu itolewe. Kila mashine iliyowahi kuzimwa ifunguliwe na mkaguzi, isafishwe, ipakwe grisi mpya na kuwashwa, ili kuthibitisha kwamba kosa ni la wananchi na siyo la kipimo chetu.* Wati sikuzitaja.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai niliyoikataa asubuhi. *Imepitishwa. Anza mara moja. Nawajua sana hawa watu na vitambaa vyao. Nkwera.*

Kuwahadaa wasomi hakuhitaji akili nyingi, unawapa tu dharau yao wenyewe mkononi.

"Umeandika nini?" nesi aliuliza.

"Kwamba wewe ni mjinga. Utaitwa semina."

Alifikiri. "Semina ina posho?"

"Hapana. Ina soda."

"Nitakwenda," alisema Vitalina. Akaingiza mkono sandukuni, akasoma kipima joto. "Thelathini na sita nukta nne." Akarudia namba hiyo kwa kina Oliva, na Bibi Sigrida akaanza kulia bila kujificha.

Mimi nilikuwa nafunga mkoba. Nilijisikia vizuri, na niseme wazi kwamba nilijisikia vizuri mapema mno.

"Na yule wa kwanza," Oliva aliuliza, "umemwandika wapi?"

Nilimtazama. Nikaacha kufunga mkoba.

"Sikumwandika," nilisema.

"Basi ukifika Luvulunge," alisema, akageukia ukuta, "usiishie kwenye mashine."

*

Nilifika Luvulunge kesho yake asubuhi. Nesi wa kule hakunikaribisha chai, naye alikuwa na haki. Niliweka kidole. Mashine ikakubali. Nikaifungua juu ya meza ile ile ambayo wiki tano kabla yake niliandikia uzembe wa mtumiaji.

Hapakuwa na kitambaa hata kimoja. Nesi yule hakuwahi kuifunika. Palikuwa na sufu kwenye feni na grisi iliyokauka, basi, vitu ambavyo mtumishi wa zahanati haruhusiwi kuvigusa kwa sababu kifuniko kina lakiri ya Mamlaka. Nikakwangua, nikapaka, nikakaza, nikawasha. Nyuzi hamsini na nane. Nilitazama saa.

Dakika ishirini na mbili.

Kisha nikamwomba nesi anionyeshe mahali alipozikwa mtoto. Akachukua koti lake msumarini, akatangulia, nami nikamfuata nikiwa bado na grisi vidoleni. Njia nzima nilikuwa namkumbuka dereva wa siku ile. Nimesema gari lilikuwa linaningoja, na ni kweli lilikuwa linaningoja. Alizima injini, akashusha kioo, akaniambia nisiwe na haraka, mvua bado iko mbali, angeweza kuningoja nusu saa.